Kito cha Kakakuona

Wewe unayesikiliza, ushawahi kuitwa intavyuu ukakuta ukuta unapumua?

Kakakuona, mwenye digrii ya sanaa na miaka minne ya kukaa bure, alipeleka kwenye intavyuu zumaridi aliyoiunda kwa vipande vya chupa za bia na nyaya za redio mbovu. Fisi, mwenye jumba la maonyesho, akaigeuzageuza.

"Nice, dada! Takataka imekuwa kito. Eksipiriensi unayo?"

"Nitaitoa wapi na hamniajiri?"

"Basi tazama wenzako."

Ukutani iling'aa yakuti nyekundu. Kakakuona akasogea, kumbe ni kilemba cha nyama cha Jogoo, aliyesoma naye darasa moja, kimeshonewa vifuniko vya soda. Kilikuwa bado cha moto.

"Jogoo?" akanong'ona. Kilemba kikatikisika.

Akafanya wanachofanya kwao wakiogopa: akajikunja, magamba nje, duara zuri linalometameta.

Fisi akacheka. "Huyu kajichonga mwenyewe!" Akamweka juu ya meza ya kioo, akabandika karatasi: Kito, vitu vya kuokota.

Kesho waheshimiwa wanakata utepe. Nyie waheshimiwa, acheni kwanza picha, mtujibu: walioingia humo kuomba kazi wametokea mlango upi?