Freni ya Mbele

Lukumani, mchuuzi wa makaa, alisimama mbele ya mlango wangu huku tairi la nyuma la baiskeli yake likinuka mpira ulioungua. Nyuma yake, njia ya kilimani tuliyoijaza mawe na udongo kwenye salongo, kazi ya pamoja ya mtaa kila Jumamosi, ilikuwa imechanwa mfereji mwingine. Mvua iliyopita ilifuata mfereji kama huo ikaja kuangusha ukuta wa jiko langu.

"Unakamata freni ya nyuma tu," nikamwambia. "Gurudumu haizunguki, inalima. Kamata zote mbili, polepole."

"Ya mbele itanipindua, mama. Niko na muzigo."

"Na ukuta yangu?"

"Bon, salongo iko kila Jumamosi. Mutajaza tena."

Nikainama kwenye baiskeli yake. Raba za freni ya mbele zilikuwa mpya kabisa, hata maandishi ya kiwandani hayajafutika. Za nyuma zilikuwa zimelika karibu kufika kwenye chuma.

Nilizichomoa za nyuma kwa kisu changu cha kukatia majani ya sombe, nikazitupa chooni.

Lukumani akautazama mteremko uliobaki, hadi chini kwenye daraja la mto Tshopo.

"Sasa shuka," nikamwambia.