Pete ya Njia

Treni ya saa nne asubuhi ilikuwa ikifuka moshi chini ya matao ya mawe yaliyoachwa na wakoloni, lakini haikuweza kuondoka. Pete kubwa ya chuma, kibali cha kupita, ilikuwa bado mikononi mwa Mbwilo, mkuu wa stesheni. Dereva asiyekabidhiwa pete ile haingii njiani. Ndivyo treni mbili zinavyozuiwa kukutana uso kwa uso kwenye reli moja.

Dirishani mwa behewa la kwanza alikaa mke wa Mbwilo, Asteria, kikapu mapajani. Alikuwa anahamia kwa binti yao Tuli, ng'ambo ya milima. Mbwilo alikataa kwenda, ingawa leo ndiyo siku yake ya kustaafu. Alisema hawezi kupata usingizi mahali pasipopita treni.

"Mkuu, nipe pete!" dereva aliita. "Abiria wananung'unika."

Mbwilo aliinua pete usawa wa macho. Ndani ya duara lake aliuona uso wa Asteria, mdogo, umetulia kama picha ya ukutani.

"Mpe, baba Tuli," Asteria alisema kwa upole. "Hiyo ni ya wanaosafiri."

Mbwilo akavua kofia yake, akaitundika kwenye msumari wa kuwekea pete mlangoni mwa ofisi. Kisha akaiendea injini taratibu, kama mtu anayetembea majini. Dereva akanyoosha mkono, akaishika pete. Mbwilo hakuiachia.

Treni ikaanza kusogea. Naye akasogea nayo, mguu mmoja ukitafuta ngazi.