Siku Redio Alipotii

Redio, aliyepewa jina hilo bwenini kwa kuwa hazimiki, aliwaona siafu kabla ya mtu mwingine yeyote. Akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

"Neno moja tu kutoka kwako," matroni alikuwa amemwonya walipoingia msituni, "na kesho mama yako yuko ofisini kwa mkuu wa shule." Na mama yake Redio hakuwa mtu wa kuitwa ovyo.

Mvua kubwa ilikuwa imewafurusha siafu mashimoni. Walikata njia kama mkanda mweusi unaotembea, na juu ya mkanda huo, ndani ya mabuti yake ya mvua, alisimama matroni akiwahutubia wasichana arobaini.

"Msituni, binti mwenye adabu hutembea kwa utulivu!"

Redio aliinua mkono kwa heshima zote.

"Shusha!"

Akaelekeza kidole kwenye buti.

"Nimesema shusha, we mtoto! Leo utanyamaza hata kwa mikono."

Haya. Redio alishusha mkono, akasimama wima kama mlingoti wa bendera, akatii kuliko alivyowahi kutii tangu azaliwe. Siafu walipanda buti kwa mstari, wakafika ukingoni, wakaingia ndani mmoja mmoja bila kusukumana. Foleni ya chakula shuleni haijawahi kuona nidhamu ya namna ile.

"Utulivu," matroni aliendelea, "ndiyo nguo ya..."

Macho yakamtoka.

Buti la kushoto lilipaa, likapita juu ya kichwa cha Redio, ambaye hakusema neno.