Chumba cha Nyuma

Zuwena, mwandishi wa riwaya, alialikwa chai na Bi Zamzam, tajiri aliyesoma kitabu chake kuhusu mabwanyenye wa mji ule.

"Umetuandika vizuri, mwanangu, ila ndani hujafika," alisema mwenyeji, akampitisha kwenye sebule zenye mazulia hadi chumba cha nyuma. Mlikuwa na mkeka, jiko la mkaa na sufuria yenye masizi.

"Nani analala hapa, Bi Mkubwa?"

"Mimi. Kitandani sipati usingizi." Bi Zamzam akavua viatu, akaketi, akapuliza makaa. "Karibu mkekani."

Zuwena hakuwahi kuwaza chumba kama hicho, na maswali yalimjaa kinywani. Akainama mlangoni, akahangaika kufungua mikanda ya viatu virefu alivyoazima ili afanane na nyumba ile.