Sauti ya Mama Kibaoni

Siku hizi sauti ya marehemu ni mali ya serikali. Sauti ya mama mkwe wangu, Tapsubei, wameipachika kwenye kibao cha kumbukumbu kando ya barabara, mbele ya lango letu. Kila gari likipita, anasema kwa upole maneno waliyomtungia:

"Hapa walifika walowezi wa kwanza kutoka Uingereza. Ardhi ilikuwa tupu."

Tupu! Yeye aliyetusimulia jinsi walowezi hao hao walivyoichoma nyumba ya bibi yake papa hapa.

"Tukivunje," nilimwambia mume wangu, Kimaiyo.

"Tukikivunja, mama nitamsikia wapi tena?"

Jioni hii amebeba kiti na chai yake hadi kibaoni. Gari likapita, mama akasema uongo ule, na Kimaiyo akaitikia, "Ndiyo, mama."