Kaburi la Mama

Siku ya nne baada ya kuwekewa mrija laini kati ya figo na kibofu, Kalume alichukua jembe kwenda kuchimba kaburi la mama yake. Nesi alikuwa amemkataza kuinama na kubeba vizito. Hakufika mbali: kichomi kikali kilimshika ubavuni, akapiga magoti.

"Kaka, toka humo," dada yake Mbodze alimwambia. "Mama hajakuita umfuate."

"Nilimwahidi."

"Basi nitachimba mimi. Ni mama yangu pia."

Alimkalisha pembeni, akampa dawa na maji, akamwekea chupa ya maji moto kiunoni mpaka maumivu yakalegea. Kisha akajifunga kanga, akashuka shimoni. Wanaume wakatazamana, huku udongo ukianza kurushwa juu.