Chungu Kimoja

Karani wa unga wa serikali alirudi kusahihisha hesabu, maana mara ya kwanza aliandika kila ua kuwa kaya moja. Safari hii alitaka ukweli: wanaokula chungu kimoja watapata mgao mmoja, na penye vyungu viwili, migao miwili.

Bi Havijawa alimpa kigoda jikoni kwake. Ng'ambo ya ua, jikoni kwa mdogo wake Siwema, mchi ulikuwa ukitwanga. Tangu matanga ya mama yao ndugu hao hawakusemezana tena.

"Bibi, wewe na mdogo wako mnapika pamoja?"

Havijawa alijua jibu lipi lina unga mwingi. Akaitazama sufuria kubwa ya mama yao, imefunikwa juu ya uchaga, haijaona moto tangu siku zile.

"Chungu kimoja, mwanangu."

Mchi ukanyamaza.

"Mbona naona mafiga huku na kule?"

"Kule mboga. Huku ugali."

Karani akapaza sauti kuvuka ua. "Bi Siwema! Ni kweli mnakula pamoja?"

Havijawa akainamisha uso. Kisha Siwema akatokea mlangoni, mwiko mkononi, bila kumtazama dada yake.

"Mwambie ugali usubiri. Maharage yangu hayajaiva."

Karani alipokwenda zake, Havijawa aliteremsha ile sufuria, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akaibandika na maji ya watu wawili. Maji yakachemka. Unga hakuugusa. Alikaa ametega sikio, akingoja kandambili ziburuzike uani.